Anwani iliyokufa kila wiki: uchambuzi wa kisa cha mtandao wa kituo cha afya Kigoma

Kituo na mtandao wake

Kituo ni cha binafsi, kipo ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Jina lake, mtaa wake na majina ya watu nimeyaacha. Tarehe nimezisogeza, na cheo kimoja au viwili nimevibadilisha ili mtu asitambulike. Mambo ya kiufundi yamebaki kama yalivyokuwa, ila anwani za intaneti nilizoandika (namba ndefu ambazo vifaa hupatikana kwazo mtandaoni, za mfumo mpya uitwao IPv6) ni za mfano, kutoka fungu la 2001:db8 ambalo limetengwa kwa maandishi ya kufundishia.

Watumishi ni kama thelathini. Kuna mapokezi, keshia, vyumba viwili vya madaktari, maabara, famasi, wodi ndogo ya wazazi, na chumba cha ushauri nasaha kilicho nyuma kabisa karibu na uzio. Intaneti inaingia kwa faiba hadi kwenye ruta iliyokaa juu ya kabati la mapokezi, kisha swichi, kisha vifaa vitatu vya kurusha waifai: kimoja mapokezi, kimoja wodini, kimoja kule nyuma. Kumbukumbu za wagonjwa zilikuwa kwenye kompyuta ya mezani ya kawaida yenye Windows, ambayo wote waliiita seva. Ilikuwa na UPS nzuri, ile betri ya akiba ya umeme ukikatika, na haikuzimwa usiku wala mchana.

Maabara ina mashine ya kupima damu yenye kompyuta yake. Kipimo kikikamilika, kompyuta hiyo inayatuma majibu kwenye seva na daktari anayasoma chumbani kwake. Kwa mtu wa mjini, majibu yakichelewa anarudi kesho. Lakini wagonjwa wengi wa kituo hiki wanatoka vijiji vya mwambao wa ziwa. Wanashuka Kibirizi kwa boti na wanahesabu kurudi na boti. Majibu yakikwama, mtu analala mjini kwa pesa ambayo hakupanga kuitumia, wengine wakiwa na mtoto mgongoni.

Daftari la maabara

Mtandao ulipofungwa mara ya kwanza, ruta ilikuwa ikiazimisha anwani za IPv4, mfumo wa zamani wenye namba fupi, kwa DHCP, yaani kila kifaa kinaiomba ruta anwani na kupewa kwa muda, kama ruta nyingi zinavyofanya. Seva ikapewa 192.168.1.14. Fundi wa wakati huo akaiandika namba hiyo kwenye kompyuta ya maabara, na kazi ikaenda. Usiku mmoja umeme ukakatika, ruta ikapoteza orodha ya ilichokuwa imeazimisha. Asubuhi printa ya famasi ikawahi kuwaka na kuomba anwani, ikapewa 14. Seva, ambayo UPS iliibakiza hai, ilipoomba upya ikapewa 23. Maabara ikawa inabisha hodi kwa printa.

Fundi akafanya mambo mawili. Aliichomeka ruta nayo kwenye UPS, na hapo alifanya vyema. Kisha akahamia IPv6, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba huko kila kifaa hujipangia anwani chenyewe na hakimnyang'anyi mwenzake. Hilo ni kweli. Ruta inatangaza nusu ya mbele ya anwani, biti 64. Kifaa kinajitungia nusu ya nyuma, biti 64 nyingine, kisha kinawauliza majirani kama kuna mwenye anwani hiyo tayari. Kikisikia kimya, kinaichukua. Fundi akaifungua seva, akanakili anwani ndefu aliyoiona kwenye skrini, akaiweka maabara. Majibu yakaanza kwenda.

Siku ya saba yakakata.

Mteknolojia wa maabara ni mama mtu mzima, na kituo kizima kinamwita Mama. Alikuwa na daftari la mistari, lile la shule, lenye jalada lililoshikwa na plasta ya hospitali. Kila tukio aliandika tarehe, saa, na neno moja: "imekata". Chini yake: "fundi kaja, imerudi". Tatizo lilipofikisha miezi miwili ndipo nilipoitwa mimi. Niliketi naye tukahesabu siku kati ya kila "imerudi" na "imekata" iliyofuata. Mistari ya mwisho ilitupa 7, 6, 7, 3, 6.

"Hii tatu ndiyo inanisumbua, fundi," alisema. "Zingekuwa wiki kwa wiki ningesema kuna kitu kinaisha muda, kama bando. Sasa hii tatu imetoka wapi?"

Nilikwenda kwenye seva, nikaiamuru ionyeshe anwani zake zote. Zilikuwa nyingi, karibu kuijaza skrini. Nazipunguza hapa kuwa mbili:

2001:db8:40:1:7c3e:91d4:5a08:e2b6
2001:db8:40:1:b5f0:2d67:c81a:904e

Nusu za mbele zinafanana, kwa kuwa zote zimetokana na tangazo moja la ruta. Nusu za nyuma zote zinaonekana kama namba za bahati nasibu. Lakini mstari wa kwanza ulikuwa na maelezo mafupi yanayosema ni anwani, na wa pili ulikuwa na neno moja zaidi, neno la Kiingereza lenye maana ya "ya muda". Za namna ya pili zilikuwa kadhaa, zimepangana. Fundi alikuwa akinakili mojawapo ya hizo.

Anwani ya muda ina umri. Kwa kanuni iliyoandikwa mwaka 2007 katika hati ya RFC 4941 (RFC ni hati zinazoandika kanuni za intaneti), kifaa kinaitumia kwa mawasiliano mapya siku moja, kisha kinatunga nyingine. Ile ya jana haifutwi papo hapo. Inaendelea kupokea wageni hadi itimize siku 7, ndipo inaondoka kabisa. Ndiyo maana seva yenye siku nyingi bila kuzimwa ilikuwa na rundo la anwani, za umri tofauti. Fundi akinakili iliyozaliwa leo, maabara inapata siku 6 au 7. Siku ile alinakili iliyokuwa na siku 4, ikabaki na 3.

Mama alichukua kalamu akaandika pembeni mwa ile tatu: "ilikuwa nzee".

Uamuzi wa kwanza: kila kitu kidumu

Kwa siku ile ufumbuzi ulikuwa wa dakika mbili: kuweka maabara anwani ya mstari wa kwanza. Tulifanya hivyo. Lakini mganga mfawidhi alikuwa amechoka na simu za "imekata", akaniita ofisini.

"Fundi, sitaki tena kusikia habari ya anwani kubadilika. Halafu nikiangalia mtandao wangu nijue kila kilichomo ni nini na ni cha nani."

"Sawa, dokta. Tunavifunga vyote."

Jibu hilo nililitoa haraka, na sehemu kubwa ya kisa hiki ni gharama yake. Wakati ule lilionekana la busara. Tumeteswa na mabadiliko, basi tuyaondoe. Nilizima anwani za muda kwenye kompyuta zote, pamoja na laptopu za madaktari. Nikaenda mbele zaidi: nikaziamuru zitunge nusu ya nyuma kutokana na namba ya kadi ya mtandao, ile anwani ya MAC, ili nikiona anwani nijue kadi, na nikijua kadi nijue mashine.

Utungaji huo ni rahisi hata kwa kichwa. Chukua kadi yenye namba 00:00:5e:00:53:10. Ikate katikati, pachika ff:fe, geuza biti ya saba ya mwanzo, unapata 0200:5eff:fe00:5310. Nusu ya nyuma ya anwani ni hiyo, popote mashine itakapokwenda. Kwa fundi anayetaka orodha inapendeza mno.

Upande wa IPv4 niliiandikia ruta anwani maalumu kwa kila MAC, nikaongeza muda wa kuazima kuwa siku 7 kwa wengine wote. Zikabaki simu. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hutumia MAC ya kubuni kwa kila mtandao wa waifai inaojiunga nao badala ya ile ya kiwandani. Nilipita kwa watumishi mmoja mmoja, nikazima kipengele hicho kwa waifai ya kituo, nikaandika MAC halisi kwenye jedwali na jina la mwenye simu pembeni yake.

Sista mmoja wa zamu ya usiku aliniuliza kwa nini simu yake iandikwe jina. Nilimwambia ni kwa ajili ya mpangilio tu. Akanipa.

Yaliyofuata

La kwanza lilitokea ndani ya siku tatu, nalo lilikuwa dogo. Wagonjwa na wasindikizaji wanaokaa kwenye benchi walikuwa wakitumia waifai hiyo hiyo. Ruta ilikuwa na anwani 100 za kuazimisha, na kila simu iliyopita pale iliondoka na moja ambayo, kwa uamuzi wangu, haikurudi kwa siku 7. Siku ya tatu kompyuta ya keshia ilipowashwa, ambayo sikuwa nimeifikia kwenye orodha, haikupata kitu. Tukapunguza muda kuwa saa moja, ikapona. Hapo ningepaswa kusimama na kufikiri, kwa kuwa simu ya mgeni anayepita haihitaji kudumu hata kidogo, na nilikuwa nimeilazimisha.

La pili lilikuja na mvua. Kigoma inajua radi. Usiku mmoja ilipiga karibu, umeme ukakatika kwa saa nyingi hadi UPS ikaisha chaji. Asubuhi tulikuta tundu la mtandao la seva limeungua. Tulipachika kadi nyingine, seva ikawaka salama, kumbukumbu zote zimo. Maabara haikutuma. Anwani "ya kudumu" niliyoitunga kwa kadi ilikuwa imeungua pamoja na kadi, kwa kuwa kadi mpya ina namba nyingine na hivyo nusu nyingine ya nyuma. Na ruta nayo, baada ya kuzimika na kuwaka, ilipewa na mtoa huduma nusu mpya ya mbele. Kwa hiyo nusu zote mbili za anwani zilibadilika usiku mmoja.

Juu ya hapo, kompyuta zilizobaki zikiwaka kwa chaji ya betri, zile laptopu, zilikuwa bado zimeshikilia nusu ya mbele ya jana. Ruta haikuwaambia kwamba imekufa, maana yenyewe haikukumbuka kama iliwahi kuitangaza. Muda wa kawaida wa tangazo, ruta isipopangiwa vingine, ni siku 7 za kupendelewa, yaani kutumika kwa mawasiliano mapya, na siku 30 za uhai. Madaktari wakasema intaneti imekufa wakati taa zote za ruta zinawaka kijani. Hali hii inafahamika, na imeelezwa katika RFC 8978 ya mwaka 2021. Mimi niliijua siku ile, nimesimama mapokezi, benchi limejaa.

Mama alipeleka majibu kwa miguu hadi saa 9 alasiri, karatasi mkononi, kutoka maabara hadi vyumba vya madaktari na kurudi.

La tatu silo la kiufundi. Msimamizi wa watumishi alipata taarifa kuwa wodini usiku fulani kulikuwa hakuna mtu kwa muda. Akaomba kumbukumbu za waifai. Kwenye jedwali langu kila simu ilikuwa na jina, na kumbukumbu zilionyesha simu ipi ilishikwa na kifaa kipi cha waifai na saa ngapi. Ilionekana simu ya yule sista ilitoka kwenye kifaa cha wodini ikaingia kwenye kile cha nyuma, cha chumba cha ushauri nasaha, ikakaa kule dakika arobaini. Na si usiku huo mmoja tu.

Aliitwa. Alikuwa amemwachia zamu mwenzake kwa makubaliano, na mwenzake ndiye aliyechelewa kurudi kutoka stoo ya dawa. Yeye alikuwa kule nyuma kama mgonjwa. Ili ajitetee kazini ilimbidi aeleze mbele ya watu wawili jambo la afya yake ambalo hata nyumbani lilikuwa halijajulikana. Mimi nililijua kwa kuwa niliitwa kuthibitisha kama kumbukumbu zinasema kweli. Zilisema kweli.

Uamuzi wa pili: nani anatafutwa, nani anatafuta

Nilirudi kwa mganga mfawidhi nikiwa na karatasi moja yenye safu mbili. Safu ya kwanza niliandika vitu vinavyotafutwa na vingine: seva, printa tatu, kompyuta ya mashine ya damu kwa sababu sisi mafundi huifuata humo kuirekebisha. Safu ya pili niliandika vitu vinavyotafuta tu: simu zote, laptopu zote, kompyuta za mapokezi na keshia. Safu ya kwanza ilikuwa na vitu vitano. Ya pili ilikuwa na zaidi ya arobaini, bila wageni.

Mapendekezo yangu yalikuwa kwamba vitano hivyo vidumu kweli kweli, na vingine vyote viachwe vibadilike vitakavyo.

Kwa vitano tulihitaji nusu ya mbele isiyotegemea mtoa huduma. IPv6 ina fungu la anwani za ndani kwa kazi hiyo, zinazoanza na fd, zilizowekwa na RFC 4193 ya mwaka 2005. Mwenye mtandao anachagua biti 40 kwa bahati nasibu, hapaswi kujiwekea sufuri au namba za kupendeza, ili siku mitandao miwili ikiungana isigongane. Tulizichagua kwa programu, ruta ikatangaza fungu hilo pamoja na lile la mtoa huduma. Faiba ikatike, ruta ibadilishwe, nusu hii inabaki.

Nusu ya nyuma ya seva tuliiandika kwa mkono. Kwa kompyuta ya maabara, ambayo ni ya Linux, tuliiachia ijitungie kwa njia ya RFC 7217 ya mwaka 2014. Njia hiyo naipenda. Mashine inachukua nusu ya mbele, jina la tundu lake la mtandao, na namba ya siri iliyohifadhiwa ndani yake, inavichanganya vyote kwa hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, na kupata nusu ya nyuma. Ukiizima ukaiwasha kwenye mtandao ule ule, inapata jibu lile lile. Ukiihamishia mtandao mwingine, jibu ni jingine, na hakuna anayeweza kuunganisha mawili hayo. Ukibadilisha kadi ukaliacha jina la tundu lilivyo, anwani haiguswi.

Kisha tukaacha kuandika anwani. Seva ikapewa jina kwenye DNS ya ndani, yaani orodha inayogeuza jina kuwa anwani, maabara ikaelekezwa kwa jina. Hapa tulijikwaa tena. Jina tulilipa anwani mbili, ya IPv4 na ya fd, tukidhani kompyuta zitachagua ya fd. Hazikuchagua. Kanuni za uchaguzi zilizopo kwenye RFC 6724 ya mwaka 2012 zinaiweka IPv4 mbele ya anwani za ndani za fd. Tulizunguka nusu siku kabla ya kuona kwamba majibu yanapita njia ya zamani, ile ya kuazima, iliyotuumiza mwanzo kabisa. Tuliiondoa IPv4 kwenye jina la seva, yakahamia.

Kuna aliyependekeza tutumie DHCPv6, ruta igawe anwani za IPv6 moja moja na kuziandika. Nilikataa kwa sababu mbili. Simu za Android haziombi anwani yake kwa njia hiyo, na simu nyingi za pale ni Android. Na hata zingeomba, tungekuwa tumejenga upya jedwali lile lile kwa jina jingine.

Mtandao tuliugawa mara tatu kwenye swichi: wa kazi, wa watumishi, wa wageni. Simu na laptopu zikarudishiwa MAC za kubuni na anwani za muda. Jedwali la majina nililifuta mbele ya mganga mfawidhi, na nakala iliyokuwa kwenye flashi yangu pia.

Matokeo

Miezi sita baadaye daftari la Mama lilikuwa na "imekata" moja, na sababu ilikuwa waya wa swichi uliochomolewa na mtu aliyekuwa akichaji simu. Umeme ulikatika mara nyingi katika kipindi hicho na nusu ya mbele ya mtoa huduma ilibadilika mara kadhaa, maabara haikujua. Printa mbili zina IPv6 na zinapatikana kwa jina. Ya famasi ni ya zamani, haina IPv6, kwa hiyo imebaki na anwani ya IPv4 iliyofungwa kwa MAC yake, na karatasi yenye namba hiyo imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la mapokezi.

Sista bado yupo kazini. Nilimwomba radhi kwenye korido, nikamwambia jibu nililompa siku ile halikuwa jibu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema "nimekusikia, fundi", akaingia wodini.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni daftari. Hakuna kifaa changu kilichonipa ushahidi kama ule wa 7, 6, 7, 3, 6, na bila ile tatu ningeweza kuridhika na dhana nyepesi zaidi, kwa mfano kwamba seva inajisasisha kila wiki. Mtumishi anayeandika saa ya tatizo anamwokolea fundi siku nzima.

Kosa la fundi wa kwanza nalielewa na simlaumu sana. Skrini inaonyesha namba ndefu zinazofanana, na neno linalozitenganisha ni moja. Jambo la kufahamu ni kwamba anwani ya muda haikubuniwa ipokee wageni. Ilibuniwa kwa ajili ya kutoka nje. Kwa bahati mbaya inapokea pia mpaka ife, na hilo ndilo linalodanganya: jaribio la leo linafaulu, kesho linafaulu, na wiki inayofuata linaanguka wakati fundi ameshaondoka. Hati mpya ya RFC 8981, ya mwaka 2021, imepunguza uhai wa anwani ya muda kutoka siku 7 hadi 2. Seva hii ingekuwa inafuata hati hiyo, tatizo lingejionyesha mapema zaidi na pengine lisingefika miezi miwili.

Kosa langu lilikuwa zito zaidi. Nilichanganya maswali mawili. Swali la maabara lilikuwa: nitaipataje seva kesho? Swali la mganga mfawidhi lilikuwa: nitamjuaje kila aliyemo? Niliyajibu yote mawili kwa kitu kimoja, anwani isiyobadilika, na hivyo kila nilipoimarisha la kwanza nililipanua la pili. Anwani inayodumu ni huduma kwa kitu kinachotafutwa. Kwa mtu anayetembea na simu mfukoni, ni alama ya mguu.

Hatari hiyo si ngeni. Tangu mwaka 2001, katika RFC 3041, waliobuni IPv6 walikwisha kuandika kwamba nusu ya nyuma inayotokana na namba ya kadi inamfuata mtu kila anapokwenda, na ndiyo sababu anwani za muda zikawepo. Laptopu ya daktari niliyoizimia ulinzi huo ilikuwa inabeba namba ya kadi yake kwenye kila tovuti aliyoifungua, awe kituoni, awe kwake Mwanga, awe safarini Dar es Salaam. Mwaka 2017, RFC 8064 ikashauri wazi kwamba anwani za kudumu zisitungwe tena kwa namba ya kadi, zitungwe kwa njia ya RFC 7217. Kwa hiyo niliichagua njia iliyokwisha kuachwa, na radi ikanionyesha kwamba haikuwa hata ya kudumu.

Kwa fundi mwenzangu anayesoma hili, mpaka uwekwe kabla ya kugusa ruta. Andika safu mbili zile, na usishangae safu ya wanaotafutwa ikiwa fupi mno. Mahali kama hoteli ndogo, shule au duka la jumla, mara nyingi haifiki vitu kumi. Hivyo vishughulikie kwa uangalifu wote: fungu la ndani, nusu ya nyuma isiyotegemea kadi, jina. Ukitumia fd, kagua ni njia gani hasa mawasiliano yanapita, usidhani.

Limebaki jambo moja ambalo mimi na mganga mfawidhi hatujalimaliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa ya mtu ikusanywe kwa kusudi linalojulikana na itumike kwa kusudi hilo. Kumbukumbu ya simu yenye jina ni taarifa binafsi. Kumbukumbu ya simu yenye MAC ya kubuni, bila jedwali, ni dhaifu zaidi, ila kwenye kituo cha watu thelathini, kifaa kinachotoka wodini saa 8 usiku kuelekea chumba cha nyuma hakihitaji jina ili mtu akisie ni nani. Mimi nataka kumbukumbu za waifai zifutwe kila baada ya siku 2, muda unaotosha kutafuta hitilafu. Yeye anataka siku 30, kwa kuwa kompyuta ya keshia iliwahi kuibiwa na anaamini siku zile zitamsaidia. Kwa sasa tumekubaliana siku 7, na kifaa cha kule nyuma kimeondolewa kwenye orodha, hakiandiki chochote.